Kitabu cha Nukta Milioni

Dada yangu mpendwa,

Pokea kwanza salamu zangu, nyingi kadiri unavyoweza kubeba, ingawa safari hii nikiandika neno "nyingi" mkono unasita. Utaelewa huko mbele. Vipi hali yako, na kile kifua chako wakati wa baridi? Na shemeji je, bado anakoroma hadi majirani wanagonga ukuta? Sisi hapa tu wazima. Mama ana goti lake lile lile na mdomo wake ule ule. Baba mwili hauna neno. Macho ndiyo yamekwisha, Dada. Mwezi uliopita jicho la kushoto lilikuwa bado linaona mwanga wa dirisha, sasa hata dirisha lenyewe halioni. Alinikataza kukwambia kwenye simu. Lakini si hilo tu nililokuficha.

Barua yako ya kusema unakuja mwisho wa mwezi tulimsomea mezani. Alifurahi mpaka akataka koti lake lipigwe pasi siku hiyo hiyo. Kisha akasema ukija ana jibu lako. Mama akauliza jibu la nini, naye akasema wewe utajua.

Unaikumbuka siku ile dukani kwake? Ulikuwa hujaufikia urefu wa meza ya kukatia nguo. Ulimuuliza mbele ya wateja milioni ni kubwa kiasi gani, na baada yake kuna nini. Akakujibu kwamba baada ya milioni kuna vifungo havijashonwa, kwa hiyo chukua sindano. Wateja walicheka hadi wakashika mbavu. Tangu hapo hukumuuliza tena kitu. Ukawauliza walimu, ukauliza vitabu, ukaenda zako huko mbali unakofundisha hesabu, na kwenye simu wewe na Baba mnaulizana kama kwenu mvua imenyesha.

Macho yalipoanza kufifia, swali lako likamrudia. Redio ikitaja bilioni, anaguna. Ikitaja trilioni, anasema hilo ni jina la dawa ya minyoo. Aliniuliza kama hao watangazaji wamewahi kuiona hata milioni moja, au wanaitaja tu kama mtu anavyomtaja jirani asiyemjua. Elfu, alisema, anaijua kwa mikono, maana ameshona vifungo. Laki anaikisia. Kuanzia hapo ni majina matupu. Akasema mtoto wake alimuuliza swali la haki, naye akaona haya kusema hajui. Aliyasema mwenyewe hayo, Dada, sitii chumvi.

Basi pale kiwandani kwetu akaja mwalimu mmoja na kazi ya ajabu: tumchapie kitabu kisicho na neno hata moja, nukta tupu. Kila karatasi mistari hamsini, kila mstari nukta hamsini, karatasi mia nne. Jumla milioni moja kamili, wanafunzi wake waione kwa macho. Bosi alidhani ni mzaha. Nilipomsimulia Baba, aliacha kula. Akaniomba nakala moja aitazame kabla macho hayajafunga duka. Nikamwambia kesho.

Kesho yangu unaijua. Nakala yake niliiweka kwenye rafu juu ya mashine ya kukatia karatasi, ikakaa. Mara mvua, mara nachelewa basi, mara kitabu kizito kama tofali nami nimechoka. Mwalimu alipokuja kuchukua mzigo wake, ilipungua nakala moja, nikampa ile, nikijua nitachapa nyingine. Kumbe mabamba ya kuchapia yalikuwa yameshafutwa. Nikampiga Baba danadana. Halafu asubuhi moja akaniuliza mbona sijafungua mapazia, na mapazia yalikuwa wazi.

Siku hiyo, Dada, nilichukua karatasi nyeupe mia nne za aina ile ile, nikazitia jalada lile lile, nikamletea. Haoni, nikajiambia, tofauti iko wapi? Alikipokea kwa mikono miwili. Akakipima uzito, akapitisha kiganja karatasi moja baada ya nyingine, akasema kumbe milioni ni nzito hivi. Bilioni je? Nikamwambia vitabu elfu kama hicho, vyumba vyetu vijae hadi Mama akalale nje. Na trilioni? Nyumba elfu, zote zimejaa hivyo hivyo. Alicheka, kisha akasema maswali haya yalikuwa yako wewe, siku zile za meza ya kukatia nguo. Nikatoka nje nikajifanya natengeneza baiskeli.

Juzi nimerudi kazini, nikamkuta kwenye kiti chake cha cherehani, kitabu mapajani, ana rula ya mbao na sindano. Anatoboa. Kitundu kimoja, anakipapasa, kingine, anakipapasa, hadi hamsini, kisha anashusha rula. Mama akaniambia huwa anaanza nikishatoka tu, na karatasi ya kwanza imemchukua siku tatu. Nikasimama mlangoni nikapiga hesabu. Siku tatu mara mia nne. Zaidi ya miaka mitatu bila kupumzika, mzee wa umri ule! Hapo ndipo milioni iliponiingia, mimi niliyeichapa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikapiga magoti nikamwambia kweli yote. Hakuinua hata uso. Alisema alijua tangu siku ya kwanza: wino unanuka, mimi mwenyewe narudi nao kila jioni, na kitabu kile kilinuka karatasi tu. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema baba aliyempa mtoto wake jibu tupu hana mdomo wa kumgombeza mtoto aliyemletea kitabu kitupu.

Hana haja ya kukimaliza. Anataka ukifika ukae karibu naye, upapase karatasi moja iliyojaa, halafu ushike zote zilizobaki nyeupe. Ndipo akwambie kwamba siku ile hakujua, na kwamba anaomba radhi. Nakwambia mapema kwa sababu nakujua, ukizidiwa unaleta utani. Siku hiyo usitanie. Na jifanye hukujua, maneno hayo anayafanyia mazoezi, nayasikia ukutani.

Mimi amenipa sindano ya pili. Nimeanza na karatasi ya mwisho, nikija upande wake.

Tafadhali usingoje mwisho wa mwezi. Mama anakusalimu, anasema uje na kastabini ya kukinga kidole na sindano, hapa tunagombania moja. Msalimie shemeji, na majirani zake wavumilivu. Baba anakusalimu sana. Amesema niandike "sana" tu, idadi atakwambia mwenyewe.

Mdogo wako anayejuta,
Mkia