Walimfuata Achieng' Nyumbani

Baba yangu,

Habari za Kehancha? Mgongo umepata nafuu? Na yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa akikohoa, amepona? Mimi ni mzima wa mwili. Ningekupigia, lakini kila nikianza jambo hili kwenye simu unasema mtandao ni mbovu, kwa hivyo nimeamua kuandika.

Huku Homa Bay, kando ya ziwa, watu si wabaya. Ila tangu nianze kufundisha hapa sijapata hata mmoja wa kuongea naye lugha yetu. Nikienda kununua omena, dagaa wa huku, mama muuzaji hunisemesha Kiswahili, kisha huwageukia wenzake kwa Kijaluo na wote wakacheka. Labda hawanicheki mimi. Jumapili nikitoka kanisani nafua, napika cha mtu mmoja, na sauti yangu mwenyewe naisikia tena Jumatatu nikiita majina darasani.

Mambo yalianzia kwenye majina hayo. Gredi ya tisa kuna msichana anaitwa Achieng'. Alijifungua mwezi wa pili, akabaki kwa nyanya yake anayeanika omena ufuoni. Sheria inamruhusu kurudi shule, nami nilijua. Sikusema kitu. Nilikuwa mgeni, tena Mkuria, nikaona nisijitie katika mambo ya watu. Nikaacha kuita jina lake.

Siku moja Akinyi, kiranja wa darasa, akasimama.

"Mwalimu, Achieng' alikufa?"

Nikamwambia hapana.

"Basi mbona humwiti?"

Nilimjibu kwamba hayo ni mambo ya ofisi. Kesho yake waliniletea barua waliyomwandikia mwalimu mkuu kumwomba Achieng' arudi, wakataka niwaangalizie Kiswahili. Baba, nilichukua kalamu nyekundu nikasahihisha ngeli, nikawarudishia bila neno lingine. Hilo linaniaibisha mpaka leo.

Wakaipeleka. Mwalimu mkuu aliitia kwenye droo, akawaambia wakasome vitabu vyao. Ijumaa masomo yalipoisha, wanafunzi kama kumi na wawili wakashika njia ya ufuoni. Nikawafuata nyuma, nikiogopa wasije wakazua ugomvi.

Tulimkuta nyanya akigeuza omena kwenye neti, na Achieng' ameketi na mtoto mapajani. Alipowaona wenzake alijifunika uso kwa leso. Akinyi akasalimu, akaeleza, na nyanya akamjibu kwa ukali. Akinyi akanitafsiria: nyanya anauliza nani atamshika mtoto yeye akiwa kazini. Kumbe walikuwa wameshalifikiria. Walikuwa wameongea na mama anayepika uji shuleni, naye akakubali kukaa na mtoto jikoni mradi wamchotee maji kwa zamu. Achieng' angekuwa anatoka kwenda kunyonyesha.

Nyanya aliacha kugeuza omena. Kisha akanitazama, akasema kwa Kiswahili, "Na wewe mwalimu, unasemaje?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu nifike huku.

"Nasema arudi," nikamjibu.

Jumatatu Achieng' alikuja. Mwalimu mkuu aliniita ofisini kuuliza nani amewachochea watoto. Nikamwambia hakuna, ila niko pamoja nao, na sheria pia iko pamoja nao. Hakumfukuza Achieng'. Wale waliokwenda ufuoni aliwapa adhabu ya kukata nyasi wiki nzima, na Achieng' akachukua fyekeo akakata nao. Mzazi mmoja alimhamisha binti yake. Walimu wenzangu nao, nikiingia wakati wa chai, mazungumzo hukatika. Siku hizi nakunywa chai yangu jikoni, karibu na beseni analolala mtoto. Sitakudanganya, upweke umezidi. Lakini asubuhi nikifika kwenye jina la Achieng', kuna anayeitikia.

Sasa, Baba, nisikilize. Desemba nilipokuja nyumbani, mdogo wangu Boke alikuwa na mtoto wa miezi mitatu mgongoni, nawe ulisema shule kwake imekwisha. Nilikula ugali wa wimbi aliousonga, nikausifu, nikapanda gari nikarudi kazini. Siku hiyo sikumtetea kwa neno hata moja. Leo nakuomba umrudishe shule. Kama unaona aibu na shule za hapo, mlete kwangu pamoja na mtoto. Chumba ni kidogo lakini tutatoshea, na mama wa jikoni nimeshamuuliza.

Mpe mama salamu zangu, na nyanya, na shangazi anayeuza ndizi sokoni, mwambie zile alizonifungia zilifika zikiwa zimeiva na nilizila zote peke yangu.

Najua macho yako siku hizi hayashiki maandishi, na anayekusomea haya ni Boke. Boke, mdogo wangu, najua hapo nilipokutaja umenyamaza. Usimwambie Baba kwamba barua imeishia kwenye adhabu ya kukata nyasi. Rudi pale nilipokutaja, usome kwa sauti.

Binti yako wa kwanza,
Robi