Majibu Yale Hayakuwa Yangu

Nyumba ya bluu,
Nyuma ya kiwanda cha matofali,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya mashauriano marefu na kioo cha bafuni, natangaza rasmi kwamba masharubu yangu hayako nasi tena. Yalitutoka Ijumaa asubuhi mikononi mwa wifi yako, kwa wembe mmoja na bila huruma. Yaliishi miaka ishirini na mitatu. Yameacha wafiwa wawili, mimi na kitana.

U hali gani lakini? Watoto je? Na shemeji, huyo mumeo mpole, bado anakoroma kama mashine ya kusaga? Sisi tunasukuma siku. Wifi yako mzima, mdomo wake mzima zaidi. Goti langu la kulia linalia kila nikipanda ngazi, ila fundi vigae asiyelalamikia magoti huyo ni tapeli.

Mwanao mkubwa, yaani binti yangu, amepata kazi ya kufundisha chekechea. Sasa anatusemesha wote kama tuna miaka minne. Jana aliniuliza kama nimenawa mikono. Nilikuwa nimenawa, lakini nilirudi kunawa tena.

Sasa kaa kitako, mdogo wangu. Barua hii nimempa rafiki yangu fundi umeme akuletee mkononi, maana kwa simu nimeshindwa. Wiki hii nimekupigia mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza habari za mvua.

Unavikumbuka vile vishindo vyangu. Nikiinama kupanga kigae, moyo unatoka mbio, kichwa kinagonga, jasho linanitiririka kama nimemwagiwa ndoo, halafu hofu inanikaba, hofu ya kitu ambacho hakipo. Dakika kumi, kumi na tano, kisha inaniacha natetemeka. Kazini walishaniita Bwana Tetemeko. Dawa za presha nilikuwa nameza aina tatu, na presha haikushuka. Kila mtu alikuwa na lake: mara chumvi, mara mawazo. Wifi yako aliificha chumvi hadi akasahau alikoificha.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na mbili, nikaangukia kwa daktari mmoja mama, mwenye sauti ndogo. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Huwa inakushika ukiinama?"

"Mama, nikifunga kamba za viatu tu, naiona dunia ikiniaga."

Hakucheka. Alichukua karatasi akachora figo, na juu yake kitu kama kofia. Akasema hiyo ni tezi, na kazi yake ni kumwaga homoni ya kukutimua mbio ukikutana na hatari. Ikiota kivimbe inamwaga ovyo, hata ukiwa umekaa unakunywa chai. Akanipa dumu la lita tatu, nikusanye mkojo wa saa ishirini na nne, wote, nisiache hata tone.

Majibu yakatoka safi. Nilikuandikia siku hiyohiyo, nikitamba. Na jibu lako ninalo hapa mezani: "Kama wewe huna, kaka, na mimi sina, sisi tumetoka tumbo moja." Ukaniambia umemkatalia daktari wako kipimo hicho, licha ya presha yako na majasho yako, akupangie tu upasuaji wako wa mawe ya nyongo tarehe ishirini na nane mwezi huu wa tatu.

Chiriku, majibu yale hayakuwa yangu.

Dumu langu lilipinduka bafuni, likamwagika. Nikaona aibu kurudi kwa nesi mikono mitupu. Basi shemeji yangu, kaka wa wifi yako, yule dereva wa lori, alikuwa amekuja kututembelea, nikamwomba anijazie. Alicheka hadi akashika ukuta. "Shem, nakusaidia kwa sababu ni ndugu," akasema, "lakini usirudi hapa kuniambia nina mimba." Mtu mwenyewe ana afya ya ng'ombe dume. Ndiyo maana majibu yalikuwa safi.

Wiki tatu zilizopita nilianguka kazini, kwenye bafu la watu, uso ndani ya saruji mbichi. Nesi alinipima presha, akabadilisha mashine, akapima tena: mia mbili arobaini kwa mia na thelathini. Akatoka mbio kumwita daktari. Yule daktari mama alipokuja aliyaangalia majibu ya zamani, akaniangalia na mimi.

"Karatasi hii na mtu huyu hawafanani," akasema.

Nikakiri palepale, saruji ikiwa bado masikioni.

Safari hii nilikusanya mkojo wodini, nesi akinilinda kama mfungwa. Homoni zilikuwa nyingi kupita kiasi. Wakanipiga picha ya tumbo, kivimbe kikaonekana juu ya figo la kushoto, ukubwa wa yai la kuku. Sasa nakunywa dawa ya kulegeza mishipa, maji mengi, na nimeagizwa kula chumvi! Wifi yako anaitafuta. Jumatano wananipasua. Naogopa, mdogo wangu, sikufichi. Nikifumba macho naliona lile yai.

Ila kinachoninyima raha zaidi ni neno la yule daktari. Alisema kivimbe hiki kikiguswa kabla ya dawa hizo, presha inaweza kupanda hadi kuua, na kwamba kumlaza mtu kwa upasuaji wowote bila kujua kama anacho ni hatari hiyohiyo. Kisha akaniuliza kama nina ndugu wa tumbo moja, maana mara nyingine hutembea kwenye familia. Nikamwambia ninaye mmoja. "Mpigie leo," akasema. Nikakupigia, nikakuuliza habari za mvua.

Nakusihi, usikubali kulala kwenye kitanda cha upasuaji kabla hawajakupima. Labda huna, na Mungu ajalie huna. Mwonyeshe daktari wako barua hii yote, hata habari ya shemeji. Acha wanicheke.

Msalimie mumeo, wabusu watoto, na mama mkwe wako umpe shikamoo yangu, kwa kuwa ndiye pekee anayedhani mimi ni mtu wa maana. Mungu atuvushe sote wawili, atukutanishe tukiwa na nguvu ya kugombana.

Nduguyo akupendaye kuliko anavyojua kusema,
Kaka yako mkubwa.

Chiriku, nilikuwa nimeshaifunga bahasha. Nimeichana.

Dumu halikupinduka. Lilijaa vizuri kabisa, saa ishirini na nne kamili, sikuacha hata tone. Asubuhi ile nililibeba hadi chooni, nikafunga mlango, nikafungua kizibo, nikalimwaga lote, polepole ili wifi yako asisikie. Nilikuwa nimeamini kwamba nisipojua, hakitakuwepo. Shemeji nilimwita baadaye, hakuja kututembelea.

Daktari anasema ni hicho kivimbe kinachonimwagia hofu mwilini, na ningependa sana kukisingizia. Lakini asubuhi ile moyo ulikuwa umetulia, jasho hakuna, mkono haukutetemeka. Hofu ile ilikuwa yangu mwenyewe.

Ninakwambia kwa sababu na wewe ni mwoga kama mimi, na siku dumu lako likijaa utatafuta sababu. Usilimwage. Lipeleke.