Nani Aliyekuwa Akiichomoa Diski ya Mama

Nyumbani,
chumba cha cherehani,
Jumapili, baada ya kuanua nguo.

Mpendwa mdogo wangu, Abiria wa Mwisho,

Pokea salamu nyingi za dada yako, na baada ya salamu nakuuliza hali. Hujambo? Kile kifua cha baridi kimepona, au bado unakohoa na kutuficha? Barua yako iliyopita ilisema "mimi mzima wa afya" juu, ikasema tena chini, na mimi mtu akiniambia jambo mara mbili bila kuulizwa huwa naanza kumtazama vizuri. Kama unaumwa, sema. Kama huli vizuri, sema pia.

Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea. Anatembea mwenyewe hadi uani na kurudi, mkono wa kulia bado mzito, ila wa kushoto umekuwa hodari, siku hizi anamenyea viazi. Kusema ndiyo bado. Tangu kiharusi kimshike, mtaalamu wa mazoezi ya kuzungumza anakuja kila Jumanne na picha zake za kikombe na paka, na Mama anafunga mdomo kabisa. Mtaalamu huyo sikumpenda tangu mwanzo, anaitazama saa yake kuliko anavyomtazama mgonjwa. Lakini kwa kweli nilianza kuamini kwamba Mama mwenyewe amekata tamaa.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Uliniandikia nikutumie sauti za Mama, zile alizokuwa akirekodi akiwa mtangazaji wa kituo cha mabasi na zile za hapa nyumbani, zote zilizomo kwenye diski ya nje uliyotununulia, kile kiboksi cheusi. Nilisoma maneno yako nikakaa nayo. Mtu anayeomba sauti ya zamani ya mzazi aliye hai ana nini moyoni? Nilikushuku, mdogo wangu, sikufichi. Simu umepunguza. Ukipiga, tukimpa Mama, unasema "haya Mama, pumzika" kabla hajaiweka sawasawa sikioni. Nikaona kama umeshamzika mtu ambaye asubuhi nimekunywa naye chai.

Hata hivyo nilikwenda kuichukua diski kwenye droo ya meza ya kompyuta, katika kile chumba kidogo kinachopakana na cha Mama. Nilipoichomeka ikalia ta-ta-ta, ikanyamaza, ikalia tena, na kompyuta ikawa haioni kitu. Nikaichomoa, nikaichomeka upya. Ta-ta-ta. Nikakaa chini sakafuni. Matangazo yake yote ya magari, hotuba aliyotoa kwenye harusi ya kaka, hadithi alizowasomea watoto wa kaka ili walale, vyote vilikuwa humo na hakuna pengine vilipo. Hakuna aliyetoa nakala, kila mmoja alikuwa akimtegea mwenzake. Na Mama hawezi kuyasema upya. Diski ikifa, sauti yake nayo ndiyo basi.

Nililia kidogo, halafu nikafuta machozi nikaanza upelelezi. Ulinibandika jina la Askari tukiwa wadogo, sasa nyumba nzima inaniita hivyo, nami sikatai. Nikauchunguza waya. Unajua mimi ni fundi cherehani. Waya wa diski ile huwa nauviringa kama ninavyoviringa uzi wangu, kuelekea kulia, halafu naufunga kwa uzi mwekundu. Uzi mwekundu ulikuwapo. Lakini waya ulikuwa umeviringwa kuelekea kushoto. Kumbe kuna mtu anaitumia, kisha anaifunga upya ili nisijue. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa wifi yangu, yaani shemeji yako. Kaka yuko barabarani na lori lake wiki nzima, kwa hiyo anayeshinda nyumbani ni yeye. Tena ana tabia moja iliyokuwa ikinisumbua siku nyingi: kila alasiri lazima anitoe nje. Mara nikamsaidie kukunja shuka uani, mara twende wote dukani kuchagua sabuni, kana kwamba sabuni ni mchumba. Mtu anayekutoa ndani kila siku wakati uleule ana lake jambo huko ndani. Nikamkabili jikoni.

"Wifi, nani anatumia diski ya Mama?"

"Mimi sijui, wifi."

"Huangalii filamu zako kwa kujificha?"

"Wifi yangu wee, siku nikitaka kuharibu kitu humu ndani nitaanza na hiyo cherehani yako. Usingizi wa mchana siujui tena."

Akaendelea kuosha vyombo, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mwenye kosa kwa kawaida hufoka. Huyu alicheka, nikamshuku zaidi.

Nikaipeleka diski kwa fundi anayerudisha mafaili, ghorofani juu ya duka la viatu. Ngazi zina giza na mlango una makufuli mengi, na makufuli yale hayakunifurahisha. Fundi ni mwanamume mwembamba, miwani yake imefungwa kwa utepe, wateja wanamwita Kimya kwa sababu anasikiliza kuliko anavyosema. Aliiwasha diski, akaisogeza sikioni, akaizima haraka. Akaniuliza nimeichomeka mara ngapi tangu ianze kulia hivi. Nikasema mara chache. Akanitazama tu. Nikasema haya, nyingi.

Akanieleza kwamba kila nilipojaribu nilikuwa naizidishia ugonjwa. Ndani mna sahani inayozunguka, na juu yake kinapita kichwa kidogo cha kusomea. Kichwa kikiumia, kila ukiiwasha kinakwaruza. Kazi yake itakuwa kuchukua kichwa kizima kutoka diski nyingine ya aina ileile, kukiweka humo, na kunakili polepole kinachosomeka. Akasema nisilipe kitu mpaka mafaili yapatikane. Hapo ndipo aliponitia wasiwasi kabisa. Mtu asiyetaka hela mapema anataka nini?

Basi sikumwachia hivi hivi. Nilikuwa na vipande vya kitambaa mkobani, nikaishonea diski mfuko palepale, nikaufunga mdomo wake kwa mshono wangu mimi, nikamwambia kesho nitajua kama umefumuliwa. Asubuhi nilimkuta amekaa na mkasi mkononi, mfuko uko mezani vilevile. Akanipa mkasi. "Fumua mwenyewe, dada. Halafu wewe na vitambaa vyako mkae nje ya mlango, unyuzi mmoja ukiingia humu tumekwisha." Nikakaa nje ya mlango, nikashona vifungo vya sare za shule, jicho moja kwenye sindano na moja kwake, naye akifanya kazi mikono yake ikiwa ndani ya sanduku la kioo.

Kichwa kilipokubali, akaniita. Akaniambia diski za namna hii hujiwekea zenyewe hesabu ya jinsi zinavyozimwa, naye ameisoma.

"Hii haikuanguka, dada. Hii imezoea kuchomolewa ghafla ikiwa kazini, tena na tena. Kuna mtu anaichomoa kama aliyefumaniwa."

Nikamshukuru Mungu, nikamwona wifi yangu waziwazi, filamu inaendelea, mkono uko kwenye waya. Nilipofika nyumbani sikumsemesha. Naye wala hakuniuliza kulikoni, na hilo pia nikaliweka kwenye faili lake.

Kunakili kulichukua muda, nami nilihudhuria kama mwajiriwa. Siku kazi ilipomalizika, Kimya alinionyesha kilichorudi. Matangazo ya kituoni yamerudi karibu yote. Hadithi za watoto zipo. Hotuba ya harusi imerudi nusu, inakatika pale Mama anapoanza kumwonya bwana harusi, na kaka amefurahi kupita kiasi. Nilikuwa nafungua mkoba nimlipe aliposema, "Kuna na haya. Hukuniambia habari zake."

Yalikuwa mafaili mengi, mafupi mafupi, mengine vipande tu kwa sababu diski ilichomolewa kabla hayajahifadhiwa. Tarehe zake zote ni za baada ya Mama kuugua. Nilijua mara moja kwamba amechanganya na mali ya mteja mwingine, nikamwambia hivyo. Akanivalisha vipokea sauti masikioni.

Kwanza ikaja sauti ya Mama ya zamani, ile ya kituoni, imenyooka: "Abiria wa gari la asubuhi, hakikisheni mizigo yenu." Kisha kimya. Kisha mlio ambao nilidhani ni mlango unaoburuta sakafuni. "Aaa. Aaabi." Tangazo la zamani likarudi. Kimya tena. "Abi. Abi-ya."

Ni Mama, mdogo wangu. Unakumbuka alivyokuwa akitueleza kazi yake: tangaza, sikiliza, rudia mpaka mtu wa nyuma kabisa akuelewe. Hakumtaka mtaalamu na paka wake wa kwenye picha. Alijichukua mwenyewe awe mwalimu wake. Kila alasiri alikuwa anaingia chumba kile, anaweka sauti yake ya zamani, anaifuatisha, anajirekodi, anajisikiliza. Na waya aliuviringa kwa mkono anaouweza. Nimekuwa nikimsifu mkono huo wa kushoto kwa kila anayekuja kumjulia hali, na siku nilipouhitaji kwenye upelelezi sikuukumbuka.

Lakini sikiliza na hili. Karibu kila rekodi inaishia namna moja. Mama yuko katikati ya neno, mara unasikika mwendo wa kandambili zinazorudi kutoka nje, koridoni, chwa, chwa, chwa, halafu sauti kali: "Nani yuko humo?" Na hapo inakatika. Kandambili ni zangu. Sauti ni yangu, ile ninayoipaza kwa mazoea kila nikipita mlangoni, bila hata kungoja jibu. Mtu aliyekuwa akimfumania Mama mpaka anachomoa waya kwa pupa ni mimi, Askari, ninayelinda mali ya nyumba. Nyani haoni kundule. Nililia mbele ya yule fundi bila haya, naye akavua miwani yake akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Nilirudi nyumbani nikamkuta wifi anaanika.

"Ulijua," nikamwambia.

"Mimi sijui kitu, wifi. Shika huko mwisho tukung'ute shuka."

Nikashika. Niliona haya hadi masikio yakawaka. Amekubali kuitwa mharibifu jikoni kwake mwenyewe kuliko kuitoa siri ya Mama, na zile safari zote za sabuni zilikuwa za kunitoa mimi njiani. Nilimwomba radhi kwa maneno, si kwa kuzungukazunguka, naye akasema atanisamehe cherehani ikipumzika mchana. Imepumzika.

Mama nimemwambia tu kwamba diski ilikuwa mbovu na imetengenezwa. Alinitazama sana. Nadhani ananishuku, na kama ananishuku basi tujue tabia hii nimeitoa wapi. Mafaili yote nimeyahamishia ndani ya kompyuta, hakuna tena waya wa kuchomoa, na nakala nyingine iko kabatini kwangu. Alasiri nikiwa na jambo koridoni, naanza kuimba tangu uani ili anisikie. Wifi anasema kuimba kwangu ni kubaya kuliko cherehani.

Ndani ya bahasha hii kuna kadi ndogo ya kuhifadhia. Sauti zote ulizoomba zipo. Moja nimeiweka peke yake, ndiyo ya mwisho kurekodiwa kabla diski haijafa, na nilisitasita kukutumia kwa sababu ni siri ya Mama. Humo hakuna tangazo la kufuatisha. Anaanza mwenyewe. "Haloo," anasema. Anapumua. "Abi-ria. Wa mwi-sho." Jina lako, alilokupa kwa kuwa ulizaliwa wa mwisho na kila mahali unafika wa mwisho. Anapumua tena, muda mrefu. "Ume-kula?" Kisha anaanza upya tangu haloo, na upya, na upya, mpaka kandambili zinafika.

Mazoezi hayo ni ya simu yako. Sasa nimeelewa kwa nini tukimpa simu huwa anavuta pumzi na kukunja uso. Sisi tulidhani ni maumivu. Alikuwa anataka kuanza, na wewe unasema "haya Mama, pumzika", halafu unakata.

Kwa hiyo usinijibu kwa barua, wala usimwambie kwamba umesikia chochote. Piga simu. Tukimpa Mama, nyamaza. Ukisikia pumzi tu, ukidhani mtandao umekufa, ukiona uchungu unakukaba, usikate.

Kaka anakusalimu kutoka barabarani. Shemeji yako anakusalimu, na watoto wake wanauliza utakuja lini. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya ya kweli na siyo ile ya kuandikwa mara mbili, na akujalie subira.

Salamu za Mama safari hii siziandiki. Anataka kukupa mwenyewe.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata anapokushuku,

Askari