Mpishi Tuliyemlilia

Same, Jumamosi usiku

Mpishi hakufa. Leo nimemwona kwenye banda la video akikaanga samaki, mzima wa afya.

Ile katuni ya Kijapani tumeifuata tangu kiangazi, Kaka Eliamani wa bandani akitutafsiria kwa kipaza sauti na kuwapa wote majina ya Kipare. Mpishi wa meli alikuwa Mzee Mshana. Mwezi uliopita kanda moja haikufika, na katika iliyofuata mpishi hakuonekana, basi Kaka akatangaza kwamba Mzee Mshana amefariki. Nililia kuliko nilivyomlilia babu.

Sasa imekuja filamu nzima inayomhusu mpishi peke yake. Picha zake ni nzuri kuliko za mwanzo, siwezi kubisha.

Mama Naeli, muuza vitumbua, akauliza, "Si tulishamzika huyu?"

"Huyo ni mdogo wake," Kaka akajibu bila kupepesa macho. "Amerithi sufuria na mjane."

Watu wakaridhika. Mimi sikudanganyika, kovu la shavuni ni lilelile. Nimefurahi kwamba yu hai, nakiri.

Lakini kila alipocheka nilimwona hana adabu. Arobaini ya marehemu kaka yake hata haijafika.