Kalibu Niliyomchagulia Papa Deo

Jumatano, 3 Septemba

Risasi arobaini zimejazwa kabla ya chai. Chumba cha chini cha klabu ya shabaha, mvua dirishani. Papa Deo kwenye mashine ya kushoto, mimi ya kulia. Yeye ni wa Bukavu, dereva wa basi, anakaa Hjulsta, upande mmoja wa jiji. Mimi ni fundi lifti kutoka Tanga, nakaa Tumba, upande wa pili. Tusingekuwa tunajaza risasi za bastola kwa mkono tusingekuwa na la kuongea.

Leo kalibu yake mpya, chuma cha kukazia ganda juu ya kichwa cha risasi, imefika. Nilimchagulia mimi, sawa na yangu. Ziko aina mbili. Moja inakunja ukingo wa ganda kwa ndani, uking'ate kichwa cha risasi. Nyingine inabana mdomo bila kuukunja. Nilimshauri ya kubana. Nilisema ile ya kukunja inaharibu maganda. Nilisema kama mtu aliyesoma. Nimesoma kweli, kwenye simu, ndani ya treni.

"Weye ndiye Mwalimu," Deo akasema. "Mi nafwata tu."

Jina hilo nalipenda kuliko inavyostahili.

Jumapili, 7 Septemba

Nimepiga peke yangu. Baada ya risasi tano silinda, lile gurudumu linaloshika risasi, ikagoma kuzunguka. Kichwa cha risasi ya sita kimesogea mbele, kinachungulia nje kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Bastola ikiruka nyuma inarudi na ganda, kichwa kinabaki. Kubana hakutoshi kwa risasi nzito kama zetu.

Nilikosea. Naandika hapa kwa kuwa hapa hapasomwi. Nimeagiza ile ya kukunja.

Ijumaa, 12 Septemba

Imefika. Nimekwenda klabu saa ambayo hakuna mtu. Maganda matatu yamevimba chini ya mdomo, nilikaza mno. La nne mdomo ukaingia kwenye mfereji wa kichwa, ukatulia. Silinda inazunguka vizuri.

Deo ana jaribio la shabaha klabuni Jumamosi ya wiki ijayo. Kibali chake cha polisi kinakwisha mwezi ujao. Bila sahihi ya klabu hakiongezwi, na bastola inaondoka. Nitamwambia Jumatano.

Jumatano, 17 Septemba

Sikumwambia.

Alikuja na boksi limejaa, anapiga mluzi. Kalibu zinafanana kwa nje. Niligeuza yangu, maandishi yakatazama ukuta. Klabu hii ina desturi: risasi za mwenzio huzigusi, wala husemi neno mpaka uulizwe. Desturi nzuri. Nimejificha nyuma yake mwili mzima.

Ukweli ni mfupi. Nikimwambia, mimi si Mwalimu tena.

Jumamosi, 20 Septemba

Mzunguko wa kwanza, safi. Wa pili, risasi ya tano, silinda ikakwama. Deo akavuta tena. Akavuta tena. Gunvor, mwenyekiti wetu, akanyanyua mkono: ameshindwa. Kanuni yake haina huruma: umejaza mwenyewe, kosa lako mwenyewe.

Deo akanitazama. Mimi nikatazama shabaha.

Baadaye, kwenye benchi, alikuwa anajikunja vidole kimoja kimoja.

"Ni hivi vidole. Havisikie tena. Sikukaza muzuri."

"Inatokea," nikasema.

Inatokea! Mshenzi mimi.

Liko jaribio jingine Oktoba, la mwisho kabla kibali hakijaisha. Gunvor alimwuliza kama amwandike. Deo akasema atafikiri.

Jumatano, 24 Septemba

Hakuja. Amepiga simu: amepata mtu wa kumwuzia bastola. Na amemwambia bosi wake wa mabasi kwamba mikono yake imechoka, wamtafutie kazi ya ofisini. Hataki siku moja vidole vimsaliti na abiria hamsini mgongoni.

Hata hakuifikiria kalibu. Kalibu ilichaguliwa na Mwalimu, basi kosa litakuwa la mikono.

Nilisema pole. Sikula.

Alhamisi, 25 Septemba

Treni, halafu metro ya chini ya ardhi, njia ya buluu, mpaka inapoishia, kwa Deo. Mama Grâce, mke wake, akafungua, akanivutia kiti. Sikukaa. Nikaweka kalibu mbili mezani, yangu ya zamani na ya sasa, nikasema yote. Binti yao akauliza kitu kwa Kiswidi.

Deo akazichungulia ndani, moja, halafu nyingine.

"Ulijua siku ngapi?"

"Kumi na tatu kabla ya jaribio."

"Na ulinisikia naomba kazi ya ofisi, weye. Ukasema pole."

Akasogeza ile ya kukunja upande wake, ya kubana upande wangu.

"Hii inabaki. Ile urudi nayo." Kisha, bila kunitazama: "Mama Grâce, mupe mugeni chai."

Mgeni. Miaka kumi na moja naingia nyumba ile, najifungulia friji mwenyewe.

Chai niliinywa. Ilikuwa moto, niliinywa haraka.

Jumatano, 8 Oktoba

Mashine ya kushoto haina mtu. Deo hakuiuza bastola, siku hizi anakuja Jumatatu. Gunvor anasema aliharibu maganda sita, hakuuliza mtu, la saba likakaa. Bosi wa mabasi amemwambia arudi kwenye usukani, ombi lake lilikuwa bado halijaandikwa.

Mimi nimerudia kununua kalibu ya kukunja. Nimejaza ishirini. Nikachoka.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku ya jaribio la Deo. Nilibaki nyumbani. Saa tisa Gunvor akatuma ujumbe: Deo amemaliza mizunguko yote, silinda haikugoma hata mara moja, na yeye Gunvor amemsainia cheti pale pale.

Nimefurahi. Kweli nimefurahi. Nimechemsha maharage, nimekula, nimeosha sahani. Mvua imeacha. Nimeshika simu muda mrefu, nikitafuta wa kumpigia nimpe habari hii. Mtu ambaye ningempigia ni yeye.