Kwikwi Haikuwa ya Wizi

Baba,

Nakuandikia nikiwa na hasira, unisamehe. Wiki hii nimempeleka hospitali Musoma yule mwenyekiti wa kijiji, yule yule aliyekunyang'anya funguo za duka la ushirika. Ngoja nikueleze kwanza, usinigeuzie uso huko uliko.

Unakumbuka ilivyoanza? Tulikuwa tunakula ugali na dagaa, kwikwi ikakushika. Mama akafanya kama tunavyofanyaga wote, akakukemea ghafla: "Umeiba sukari!" ili ushtuke, ikate. Tukacheka mpaka ukapaliwa. Haikukata. Kesho yake majirani nao wakaanza, kila anayepita dukani: "Umeiba sukari!" Na wewe ulikuwa unacheka nao.

Lakini sukari yenyewe ilikuwa haionekani, baba. Watu walikuwa wanakunywa uji wa chumvi, na mwenye duka mkononi ni wewe. Utani ukageuka maneno. Walipokuita mkutanoni, kila ukifungua mdomo ujitetee, kwikwi. Mwenyekiti akasema, "Mnaona? Dhambi inamsonga." Nilitamani ardhi inimeze.

Mama alikubembeleza uende hospitali. Miguu imevimba, chakula hukitaki, usingizi huna. Ukagoma. "Nikiondoka watasema nimetoroka." Ukakaa kungoja waje wakague ghala, na wao kila siku kesho, kesho. Tulipokupakia kwenye lori la pamba ulikuwa hutujui tena. Daktari akasema figo zilishakufa, uchafu umejaa kwenye damu, na kwikwi ile ndiyo ilikuwa dalili. Jamani! Sisi tulikuwa tunacheka.

Tulikuzika hakuna aliyesimama kukusema vizuri. Siku hizi sukari imejaa tele, pale Iringo mjini kila duka, na lile la ushirika limekuwa mashine ya kusaga. Foleni za sukari za wakati ule watu wamezisahau. Lakini "mtoto wa mwizi wa sukari", hilo hawalisahau, wee!

Sasa mwenyekiti amezeeka, hana mtu. Juzi kwikwi ikamshika, ikagoma kuisha, watu wanamcheka: "Mzee, umeiba!" Mimi sikucheka. Nikampandisha gari. Mama akaniuliza kama nimepata wazimu. Haikuwa huruma, baba, nisikudanganye. Nilitaka aambiwe na daktari, asikie kwa masikio yake. Akaambiwa: figo. Nikauliza kwa sauti, "Daktari, kwikwi ya namna hii inaletwaga na kuiba?"

Mzee akakaa kwenye benchi la nje. Halafu akasema, "Kumbe baba yako alikuwa anaumwa." Alisema polepole, kwikwi inamkatiza, na tulikuwa wawili tu pale.

Hainitoshi hiyo. Nimekukosa, baba, nimekukosa sana, na jina lako nalo wamelikalia.

Lala sasa. Akipata nafuu nitamrudisha kijijini Mugango, akayaseme maneno yale mbele ya watu walewale. Asipopata, nitayasema mimi, siku tunamzika.

Mwanao,
Nyangeta