Yowe Lisilo na Ng'ombe

Dindira, kwa Shangazi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, siyo umesimama juani unakimbilia madirisha ya mabasi hapo Mkata. Mgongo unaendeleaje? Mihogo je? Huku ukungu haujaondoka tangu juzi, na jua hatulioni, jambo ambalo ndilo lililonileta huku. Mimi nipo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ukiniuliza kitu nanyamaza, mpaka salio linaisha.

Kopo la unga wa kuongeza kinga limefika. Shangazi alilipokea kwa kondakta, stendi ya Korogwe. Sijalifungua.

Siku hiyo hiyo tulikuwa tumetoka hospitali. Mkojo wangu umeonyesha protini. Daktari anasema lupus, ugonjwa wangu huu usiotaka jua, imeanza kugusa figo. Akaniuliza, "Likizo ulikuwa unameza vidonge?" Shangazi akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu, nikasema nilipumzika kidogo. Hakugomba. Alisema tu kwamba figo zikishaharibika hazirudi kuwa kama zamani. Nilimsikia kama anamzungumzia mtu mwingine aliyekaa nyuma yangu. Mpaka leo sijalia, na sijui kama hilo ni zuri au baya.

Najua kwa nini tuliacha vidonge nilipokuja nyumbani likizo. Ulisema, "Mwanangu, mashavu yamekuumuka kama maandazi, na vidonge vyenyewe wanasema vinashusha kinga. Mgonjwa anashushwaje kinga?" Ni swali zuri, Mama. Nililipeleka kwa mwalimu wetu wa baiolojia, baada ya kusubiri wenzangu wote watoke. Darasani wananiita Mashavu. "Mashavu, leo tena huji mstarini? Jua linakudai nini?" Mwalimu aliniazima kitabu chake, nimekaa nacho wiki nzima.

Nitakueleza nilivyoelewa. Unakumbuka lile yowe la shambani kwetu? Kwetu mtu akipiga yowe, kila anayelisikia analipokea, anapiga na yeye, anakimbia. Asiyelipokea anashukiwa. Siku ile Baba Rajabu, jirani yetu, aliona vumbi akapiga yowe, "Ng'ombe! Ng'ombe kwenye mahindi!" Kitongoji kizima kikaja na marungu, kikapita katikati ya shamba letu. Kumbe ng'ombe walikuwa barabarani, wanaswagwa taratibu kwenda mnadani, na wenyewe wanatushangaa. Mahindi yalilazwa na watu wetu. Ulisimama pale ukasema, "Jamani, ndiyo mnanilinda hivi?"

Mwilini mwangu ni vile vile. Walinzi ni seli nyeupe za damu. Yowe lao ni kemikali zinazoitwa saitokini: seli moja ikizitoa, nyingine zinapokea na kutoa zaidi. Zipo seli ambazo kazi yake ni kusema, "Basi jamani, rudini nyumbani," lakini kwa mtu mwenye lupus hizo ni dhaifu, hazisikilizwi. Nyingine, zinaitwa seli B, zinatengeneza kingamwili, ndiyo marungu yenyewe, na zinayaelekeza kwenye seli zangu mwenyewe. Ndiyo maana asubuhi vidole havikunji. Ndiyo maana figo.

Kwa hiyo kinga yangu haijashuka, Mama. Imejaa shambani. Kuiongeza ni kuita watu zaidi. Vidonge ndivyo vinavyowaambia watulie, na mashavu ndiyo malipo yake.

Mwalimu alisema, "Mwanaidi, mimi si daktari. Mwambie mama amuulize mwenyewe."

Jumapili ulisema ukipata nafasi utakuja kunichukua nikatibiwe nyumbani, nami nikasema sawa. Halikuwa jibu lile, lilikuwa woga tu. Jibu langu ni hili: naomba unikubalie nibaki huku, na vidonge nisiviache tena. Nyumbani napakumbuka, hata moshi wa mahindi ya kuchoma kwenye kanga yako naukumbuka. Lakini naomba nibaki.

Hata hivyo, njoo. Njoo siku ya kliniki tuingie wote kwa daktari, umuulize lile swali la kinga kama ulivyoniuliza mimi, kwa sauti ile ile. Mimi nitakaa pembeni yako.

Shangazi anakusalimu, amerudi sasa hivi kutoka kuchuma chai, ameloa. Nisalimie Bibi aliyetwanga ule unga kwa mikono yake. Mwambie sijaudharau, nimeuweka juu ya kabati. Mdogo wangu mwambie lile sweta langu avae tu, huku nimepata jingine.

Na Baba Rajabu, yule aliyepiga yowe, usimsahau kwenye salamu. Tangu mahindi yale najua hatuzungumzi naye vizuri. Hakuwa mtu mbaya, Mama. Alidhani anatulinda.

Mwanao,
Mwanaidi